Kisu na Okidi

Hebu tubishane kidogo, wenzangu. Huku Mpanda mti wa pori ukiangushwa kwa mkaa, au kwa kuni za kukaushia tumbaku, mara nyingine huanguka na okidi iliyojikalia kwenye panda zake. Wataalamu huiita Ansellia africana. Maua yake ni ya manjano yenye madoa ya kahawia, chui mtupu.

Ninayo moja kwenye kopo la rangi lililotobolewa, juu ya vipande vya mkaa na magome, maana udongo wa shamba huiozesha mizizi. Sasa kopo limejaa. Kuna mashina tisa, manene kama vijimuwa, na watu watano wananiomba.

Tulilelewa kugawana: kidogo kilichopo, kila mtu apate. Lakini kipande cha okidi chataka mashina kama matatu hivi ndipo kijitegemee. Shina moja moja huweza kukaa miaka bila ua, au likanyauka. Nikiwagawia wote watano, nitakuwa nimewafurahisha jioni moja tu.

Je, haki ni ya wanaopokea peke yao? Kinachogawanywa hakina neno? Mimi nasema kinalo. Basi vipande vitatu, kimoja changu (ndiyo, mshika kisu naye anapenda maua), viwili vya watu. Watatu waninunie.

Apewe nani? Shangazi ndiye aliyetangulia kuomba, ila uani kwake hakuna hata mti, ni jua la saa nane juu ya bati. Jirani ana mwembe. Nitampa jirani.