Sifa ya Ua ni ya Nani?

Wengi wenu mtalikumbuka ua lililonadiwa kanisani petu siku ya Mavuno mwaka 2024. Ilikuwa haibiskasi ndani ya ndoo nyeupe. Ua lilikuwa moja tu lililochanua, rangi ya papai lililoiva, na doa jekundu katikati, na petali zake zimechanika kidogo pembeni kama pindo la kitambaa. Bei ilipanda mpaka watu wakapiga makofi. Mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi akatangaza kwamba ua hilo halipo mahali pengine popote, na kwamba ni kazi ya mikono yetu, sisi mume na mke, tuliolizalisha nyumbani kwetu Tegeta. Tukasimama, tukainamisha vichwa kwa unyenyekevu, tukaketi. Tumekaa na jambo hilo muda mrefu. Sasa yatupasa tuliandike, maana limetuletea swali ambalo twadhani si letu peke yetu: sifa ya kazi ni ya nani?

Kwanza tueleze kazi yenyewe. Haibiskasi nyekundu kila mtu anaijua. Kuanzia Kinondoni hadi Temeke watu wameipanda kuzunguka nyumba zao, hata ikawa ua kwa maana zote mbili za neno hilo. Ni ya ukoo mmoja na vitu tuvilavyo na kuvitumia kila siku: bamia, rosela ambayo wengine huiita choya, na mtakawa wa pwani ambao wazee walisokota kamba kwa maganda yake. Lakini iko haibiskasi nyingine, ile ya ng'ambo, machotara waliozalishwa na wapenda maua wa Hawaii, Florida, Australia na kwingineko. Ua lake laweza kufika upana wa sentimita 20, na rangi zake ni za ajabu: kahawia, kijivu cha fedha, zambarau, na hata rangi tatu katika ua moja. Sisi tulinunua miche yetu ya kwanza kwa wauza maua wa kandokando ya barabara, tukashikwa na ugonjwa huo usio na dawa.

Kuzalisha chotara si uchawi. Katikati ya ua hutoka mrija mrefu wenye chavua ya manjano, na nchani mwake ziko nukta tano laini kama mahameli. Asubuhi, ua likiisha kufunguka, waichukua chavua ya ua moja na kuipakaza juu ya nukta za ua jingine. Wafunga uzi, waandika majina ya wazazi wawili. Mara nyingi ua huanguka, na kazi huishia hapo. Likishika, kifuko cha mbegu huvimba, nacho hukomaa kwa majuma sita hadi manane. Mbegu ina ganda gumu, hivyo yafaa kulikwaruza kidogo kwa wembe kabla ya kuipanda. Huota kwa juma moja au mawili, kisha wangoja mwaka mzima au zaidi ili kuliona ua la kwanza. Na kwa kuwa wazazi wenyewe tayari ni mchanganyiko wa vizazi vingi, hakuna watoto wawili wanaofanana. Katika ishirini, huenda mmoja ndiye atakayekufanya umwite jirani aje aone.

Lakini kazi haijaisha. Machotara wengi wana mizizi dhaifu. Masika yakizidi huoza, na kiangazi kikikaza hunyauka. Kwa hiyo hukatwa kikonyo cha chotara na kubebeshwa juu ya shina la haibiskasi yenye mizizi ya nguvu, kama ile nyekundu ya uani, vile vile wakulima wabebeshavyo miembe na michungwa. Tuliangalie neno hilo. Lugha yetu imesema kweli kuliko sisi wasemaji: kubebesha maana yake ni kumfanya mmoja ambebe mwingine. Mpita njia hulisifu ua la juu, na shina lililo chini halimjii hata mawazoni.

Sasa tuje kwenye kosa letu. Alikuwako kijana aliyetusaidia bustani, akija kutoka Mbagala kwa daladala siku tatu kila juma. Tulimwajiri kupalilia na kumwagilia. Alitutazama tukichavusha, akajifunza bila kufundishwa. Siku moja alileta kutoka kwao tawi la haibiskasi ambayo sisi tuliidharau. Ua lake ni dogo, limening'inia kichwa chini kama taa ya sebuleni, na petali zake zimechanwachanwa na kupinda kwenda juu. Akaomba alipande pembeni, nasi tukamruhusu. Mwaka 2022, masika yalipokwisha, tulikuwa safarini kuuguza ndugu. Asubuhi moja yeye akaichukua chavua ya lile ua la kuning'inia akaipakaza juu ya chotara wetu wa rangi ya machungwa. Tuliporudi tulikuta uzi na kijikaratasi chenye mwandiko wake.

Mbegu zilikuwa kumi na nne, zikaota tisa. Mwisho wa mwaka ule mvua za vuli zilichelewa, maji ya Mto Ruvu yakapungua sana, na jijini maji ya bomba yakaja kwa mgao. Sisi tulisema maua yafe, maji ni ya watu. Hatukukosea kusema hivyo. Yeye aliyakusanya maji ya kufulia na kuoshea mboga, akaibeba miche kwenye viriba mpaka chini ya mwembe, akaipa kikombe kimoja kimoja jioni. Ikabaki sita. Mwaka uliofuata mmoja ukachanua lile ua mnalolikumbuka, na ni yeye aliyelibebesha juu ya shina jekundu.

Siku ile ya mnada alikuwa ameketi benchi la nyuma. Tulikuwa hatujui kwamba alikuwa amemleta mama yake kutoka Mbagala, daladala mbili, aje asikie.

Baada ya ibada tulimwambia, kwa haraka ya mtu mwenye hatia, kwamba watu wamelipenda ua. Akajibu, "Ni sawa tu, Mzee. Mama amefurahi kuliona." Hakuongeza neno. Miezi miwili baadaye aliaga kwa adabu, akaenda kuanzisha kitalu chake.

Tumejaribu kujitetea, na utetezi wetu tunauweka hapa mbele yenu ili mwuone ulivyo. Kwanza tulisema: alikuwa na mshahara wake. Ni kweli, lakini tulimlipa kwa kupalilia na kumwagilia, wala hatukumlipa kwa wazo lile la asubuhi. Na hata kama tungelilipia wazo, mshahara hununua saa za mtu na nguvu zake. Haununui ukweli wa nani aliyefanya nini. Ukweli huo hauuziki, kwa kuwa si mali ya mwajiri wala ya mwajiriwa.

Pili tulisema: shamba ni letu, ndoo ni yetu, na mama wa ua ni mche wetu. Nalo ni kweli. Huenda hata fedha za mnada tulikuwa na haki ya kuzitoa sisi kwa kanisa. Lakini kumiliki kitu ni jambo moja, na kukitenda ni jambo jingine. Mwenye nyumba hawi fundi mwashi kwa kuwa na hati ya kiwanja.

Tatu tulisema: hatukudanganya, tulinyamaza tu. Mnadi alisema alichodhani. Utetezi huu ndio uliotusumbua zaidi, kwa maana unafanana sana na unyofu. Basi tujiulize: mtu akikabidhiwa stendi kwa makosa mzigo wa abiria mwenzake, naye akaubeba kimya kimya hadi nyumbani, je, tutasema hakuchukua cha mtu kwa kuwa hakutamka neno? Kinywa chake kilinyamaza, lakini mikono yake ilipokea.

Nne, na hapa twaona haya, tulisema: sifa zote ni za Mungu aliyeliumba ua, majina ya wanadamu yana kazi gani? Maneno hayo ni ya kweli, lakini tuliyatumia kama kifuniko. Hatukuyakumbuka majina yetu yaliposomwa. Tuliyakumbuka ilipofika zamu ya jina la mwingine. Mtume Paulo, alipowaandikia Warumi, alitwaa mfano wa tawi lililopandikizwa katika mzeituni, akalionya lisijivune, kwa kuwa si lenyewe liichukuliayo mizizi uzito wake. Hakusema kwamba, kwa kuwa Mungu ndiye mwenye shamba, basi si kitu nani ambebaye nani.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la ndoo moja ya Tegeta tu. Lile ua la kuning'inia tulilolidharau, tulikuja kusoma baadaye, ni mzaliwa wa pwani yetu hii hii: kusini ya Kenya, mashariki ya Tanzania na kaskazini ya Msumbiji. John Kirk, yule aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Unguja wakati soko la watumwa la Mkunazini lilipofungwa mwaka 1873, ndiye aliyelipeleka kwa wataalamu wa kwao. Likaandikwa vitabuni mwaka 1879, na mwaka 1880 likapewa jina la kitaalamu, Hibiscus schizopetalus, maana yake lenye petali zilizochanwa. Kwa desturi ya wataalamu jina hilo hufuatwa na majina ya waliolitoa, Dyer na Hooker, Waingereza wawili. Ndani yake hakuna neno la Kiswahili wala jina la kijiji. Tangu hapo limechanganywa na haibiskasi za Asia na za visiwa vya Pasifiki, hata damu yake imo katika wengi wa wale machotara ambao sisi huwanunua tukiwaita maua ya ng'ambo. Tulikuwa tukilipa fedha nyingi kwa ajili ya mjukuu, huku bibi yake amesimama kwenye ua wa watu Mbagala.

Wataalamu wale hawakuiba ua. Walifanya kazi yao, nayo ni kazi njema. Lakini tuliposoma habari hiyo tulikasirika kidogo, tukasema, mbona mwenye kulionyesha hatajwi? Hasira yetu haikudumu. Tulikumbuka ndoo nyeupe.

Huenda msomaji atauliza: mwisho wake ni wapi? Kila kazi ina wabebaji wasiohesabika. Tukianza kumtaja kila mmoja, mnada hautakwisha hata jua lizame. Swali hilo ni la haki. Hatudhani kwamba mtu anadaiwa kumtaja kila aliyewahi kumsaidia. Twadhani anadaiwa jambo dogo zaidi, na kwa hiyo halikwepeki: asipokee sifa ambayo anajua kwa hakika ni ya mtu mwingine, na mtu huyo yu hai, na neno moja lingetosha kumfikishia. Sifa ya namna hiyo ni amana. Imepitia mkononi mwako kama barua ya jirani iliyoletwa kwako kwa makosa. Huwezi kumlaumu aliyeileta. Lakini kila siku ikaayo juu ya meza yako, kosa linazidi kuwa lako. Wazee walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi hatukumnyonga mtu. Tulimnyima tu haki yake, tena tukitabasamu.

Mwezi uliopita tulikwenda kumtafuta kwenye kitalu chake. Kiko kando ya barabara upande wa Temeke, chini ya kivuli cha wavu mweusi: michungwa, mipapai, mawaridi, na haibiskasi nyekundu nyingi. Ile yake ya rangi ya papai hakuwa nayo. Alipoondoka kwetu hakukata hata kikonyo kimoja, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba ni chake. Tulikuwa tumemchukulia vitano, vimefungwa kwa kitambaa kibichi. Tukamwomba radhi, mmoja wetu akisema na mwingine akilia kidogo. Alivipokea kwa mikono miwili, akavitazama macho ya vichipukizi moja moja kama fundi, kisha akasema, "Lakini kusema kweli, Mzee, lile la kuning'inia ni la bibi. Yeye ndiye aliyelitoa kijijini." Basi tuliona kwamba somo tulilohangaika nalo muda wote huo, yeye alikuwa nalo tayari.

Kwa hiyo tunasahihisha hapa, mbele ya wote waliopiga makofi: ua lile halikuwa kazi yetu. Tulitoa mche, kiwanja na mahali pa kujifunzia. Aliyechagua wazazi, akachavusha, akaihifadhi miche wakati wa ukame na kubebesha, ni yule kijana wa Mbagala, kwa tawi la bibi yake. Jina lake hamlioni humu kwa kuwa yeye mwenyewe ametuomba tusiliandike bado. Anataka litangazwe kwa mdomo siku ya Mavuno ya mwaka huu, mama yake akiwapo. Padre amekubali. Na sisi tumeomba tuketi benchi la nyuma.