Dhamiri Hukua kwa Hatua

Usiku mmoja mbuzi alikata kamba yake, akavuka kijito, akaingia katika shamba la maharagwe la mama mjane, juu ya kilima kimoja cha Masisi. Huu ni mfano tu, lakini hakuna kijiji katika Masisi wala katika Walikale kisichoweza kuuelewa. Kulipopambazuka, wana wawili wa mjane yule wakamkuta mbuzi akila. Alikuwa mnono, na nyumbani hapakuwa na nyama tangu siku nyingi.

Yule mdogo akasema, "Tusimguse. Mwenyewe akijua, tutapigwa."

Kaka yake akacheka, akasema, "Angekuwa mbuzi wa ukoo wetu, ningemrudisha sasa hivi, maana kumwibia ndugu ni aibu. Lakini huyu ni mbuzi wa wale wa ng'ambo. Je, si watu wa lugha ile waliomwua baba? Mbuzi mmoja ni malipo madogo sana."

Mama yao alinyamaza kitambo, ameegemea jembe lake. Kisha akamfunga mbuzi kamba mpya, akasema, "Wanangu, mbuzi huyu ana mwenyewe, na mwenyewe ana Mungu." Akashuka naye kuelekea kijitoni.

Hapo pana watu watatu, mbuzi mmoja, na amri moja, ndiyo amri ya saba inayokataza kuiba. Wote watatu wameisikia. Mbona basi kila mmoja aliisikia kwa namna yake? Sababu ni hii: dhamiri ni ile sauti ya ndani inayompa mtu kujua jema na baya, nayo ni kipaji cha Mungu kwa kila mtu, lakini haizaliwi imekomaa. Hukua kwa hatua, kama vile mtoto hutambaa kwanza, ndipo asimame, ndipo atembee. Na kama ilivyo kwa mtoto, yaweza kudumaa.

Hatua ya kwanza: woga wa fimbo

Mtoto mdogo hajui bado ubaya wa wizi. Anajua fimbo. Kwake lililo baya ni lile linaloadhibiwa, na kosa kubwa ni lile lenye hasara kubwa. Mwanachuoni mmoja wa Uswisi, jina lake Jean Piaget, aliliandika jambo hili katika kitabu alichokitoa mwaka 1932. Aliwaeleza watoto habari za mtoto aliyesukuma mlango bila kujua kwamba nyuma yake pana vikombe, akavunja vikombe 15. Na habari za mtoto mwingine aliyevunja kikombe 1 alipokuwa akinyemelea kitu kitamu kabatini. Ni yupi mwenye kosa zaidi? Wadogo mara nyingi walijibu kwamba ni yule wa vikombe 15. Waliokua kidogo waliitazama nia, wakasema kwamba ni yule wa kikombe 1.

Woga wa fimbo si kitu cha kudharauliwa. Umewazuia wengi wasianguke motoni kabla ya kujua kwamba moto unaunguza. Lakini woga hulinda pale tu mwenye fimbo anapoona. Usiku ukiingia, au askari akiondoka, au serikali ikilegea, mtu wa hatua ya kwanza hana tena amri yo yote. Nao wapo wazee wenye mvi waliobaki katika hatua hii. Humwogopa Mungu kama mtoto anavyoiogopa fimbo, na wakidhani kwamba Mungu anakawia kupiga, hufanya wapendavyo.

Hatua ya pili: heshima ya ukoo

Kijana yule wa pili amekwisha kukua kumpita mdogo wake. Yeye hasumbuliwi na fimbo, bali na aibu. Angejiona mtu duni kama angemwibia ndugu yake, hata gizani. Dhamiri hii ni njema, tena imevijenga vijiji vyote. Kwa dhamiri hii watu hulimiana mashamba, huchangiana mahari, hukesha pamoja kwenye msiba, humheshimu mwami, huwalea yatima wa kaka zao. Mtu asiwacheke wazee waliofundisha mambo hayo. Asiyempenda ndugu yake aliye naye mlango kwa mlango atampendaje mgeni?

Lakini hatua hii ina ukuta wake. Ndani ya ukuta wizi ni wizi. Nje ya ukuta wizi huitwa malipo. Ndani, kuua ni laana. Nje, kuua huitwa ushujaa. Mtu wa hatua ya pili aweza kutenda ovu kubwa kuliko mwizi wa kawaida, wala moyo usimshtaki, maana hajioni mwovu: anajiona mwana mwema wa baba zake.

Nchi ya Masisi na Walikale imeulipia ukuta huo kwa damu. Kati ya mwaka 1937 na mwaka 1955 serikali ya kikoloni ya Wabelgiji iliwahamisha maelfu ya watu kutoka Rwanda na kuwakalisha katika milima ya Masisi, kwa sababu ilitaka watu wa kazi na ilitaka kupunguza wingi wa watu huko Rwanda. Wahunde waliokuwa wenyeji wa milima ile waliona ardhi ikigawanywa bila ridhaa yao. Nao waliohamishwa walizaa wana na wajukuu waliokuwa hawana kwao kwingine. Madai ya kila upande yalikuwa na jambo la kusikilizwa. Lakini miaka ikapita, maneno ya ardhi na ya uraia hayakupata hukumu iliyowatuliza watu, na kila ukoo ukajifunza kuhesabu majeraha yake tu.

Tarehe 20 Machi 1993, siku ya soko, nchi ilipokuwa ingali ikiitwa Zaire, watu wenye silaha waliwashambulia Banyarwanda katika soko la Ntoto, huko Walikale, wakaua wengi. Mauaji yakaenea upesi mpaka Masisi, kisasi kikafuata kisasi. Kati ya Wahunde, kati ya Wanyanga, na kati ya Banyarwanda, kila upande ulikuwa na wauaji na kila upande ukalia wafu wake. Watu walikufa kwa maelfu, vijiji vikachomwa, ng'ombe wakachinjwa au wakachukuliwa. Tena vita vingine vimerudi mara nyingi tangu siku hizo.

Mkatekumeni aliangalie vema jambo hili, maana ni zito. Wengi wa waliochukua mapanga na mikuki hawakuwa wezi wala walevi wa kijiji. Walikuwa baba za watu, wenye kuheshimu wazee, wenye kugawa chakula chao na ndugu. Hata waliobatizwa walionekana kati yao. Maji ya ubatizo yalikuwa yamefika kichwani, lakini dhamiri ilikuwa imesimama kwenye mpaka wa ukoo.

Hatua ya tatu: mwenyewe ana Mungu

Je, hatua ya tatu ni neno geni, lililoletwa na wamisionari tu? Sivyo. Mtume Paulo anawafundisha Warumi kwamba Mungu aliandika sheria yake hata mioyoni mwa watu wasioipokea sheria ya Musa. Mbegu yake yaonekana katika hadithi ya kale ya Wanyanga wa msitu wa Walikale, hadithi ya Mwindo, ambayo ni moja ya zile hadithi ndefu za kuimbwa wanazoziita karisi. Mzee Candi Rureke wa kijiji cha Bese aliisimulia yote mwaka 1956 mbele ya Daniel Biebuyck, mwanachuoni wa Kibelgiji. Naye pamoja na Kahombo Mateene waliitoa katika kitabu mwaka 1969.

Mwindo alikuwa mwana wa mwami Shemwindo wa Tubondo. Baba yake alikuwa amekataza wake zake wasizae mtoto mwanamume. Basi Mwindo alipozaliwa, akataka kumwua. Akamrushia mikuki, akamzika hai, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mwindo akapona kila mara, akajisifu sana kwa nguvu zake. Kisha akarudi na vita, kijiji cha baba yake kikateketea, naye baba akakimbilia kuzimu. Mwindo akamfuata hata huko. Lakini alipompata hakumwua. Akamrudisha nyumbani, akawafufua watu waliokufa. Shemwindo akaungama kosa lake mbele ya mkutano wote, na baba na mwana wakagawana utawala kwa amani.

Hadithi nyingi zingeishia hapo, kwa kuwa ndugu wamepatana. Hii haikuishia hapo. Siku moja Mwindo alitamani nyama ya nguruwe wa mwitu, akawatuma Wambuti wake kuwinda. Joka la msituni, jina lake Kirimu, likawameza wale wawindaji, akaokoka mmoja tu aliyeleta habari. Mwindo akaenda akaliua. Nani angemlaumu? Lakini Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba, ndiye bwana wa umeme, aliye juu. Nkuba akaisikia harufu ya rafiki yake aliyekufa, akashuka, akamchukua Mwindo mpaka mbinguni. Huko shujaa yule alikaa mwaka mzima hana kwa kujificha. Mvua ikampiga, baridi ikampiga, jua likamwunguza, naye akakaripiwa kwa ajili ya majivuno yake. Akakatazwa asiue tena mnyama. Aliporudi duniani hakujisifu tena. Aliwapa watu sheria: walime vyakula vya namna nyingi, wasigombane, wasimdhihaki kilema apitaye njiani, wasichukue mke wa mtu, pasiwe na chuki katika nchi.

Hadithi hii si Injili, wala Nkuba si Mungu. Lakini wazee walioisimulia waliona jambo kubwa. Kumsamehe baba yake hakukutosha kumkomaza Mwindo, maana baba ni damu yake. Alikomaa alipojifunza kwamba hata yule aliye nje kabisa ya kijiji, hata joka la msituni, ana rafiki juu anayemlilia.

Hilo ndilo Maandiko Matakatifu yanalolitangaza kwa uwazi tangu Kaini. Kaini alidhani kwamba Habili shambani hana mtetezi, lakini damu ya Habili ilimlilia Mungu kutoka ardhini. Kila mtu, hata yule anayeitwa adui, ana Rafiki mbinguni. Na Rafiki huyo ni yule yule anayeitwa Baba na mkatekumeni katika sala yake.

Hata Petro, mkubwa wa Mitume, alipaswa kupanda hatua hii akiwa mtu mzima. Alikuwa amekaa na Bwana Yezu, alikuwa amepokea Roho Mtakatifu. Hata hivyo hakuthubutu kuingia katika nyumba ya asiye Myahudi. Mungu akamwonyesha maono huko Yafa, kisha akamwita kwa Kornelio, akida wa jeshi la Warumi walioitawala nchi yake kwa nguvu. Petro akaingia, akakiri kwamba sasa ametambua kuwa Mungu hana upendeleo. Basi mtu asione haya kwamba dhamiri yake ingali inajifunza. Aone haya akikataa kujifunza.

Kikwazo na jibu lake

Mtu atasema, "Fundisho hili latufanya wajinga. Sisi tutarudisha mbuzi, na wao je, watarudisha shamba?" Swali hili ni la haki. Mama mjane hakusema kwamba mume wake hakuuawa, wala kwamba shamba si kitu. Haki idaiwe kwa ushahidi, mbele ya wazee, mbele ya mwami, mbele ya hakimu. Na Kanisa halimkatazi mtu kudai haki yake. Lakini mbuzi yule hakumwua mtu, wala mwenye mbuzi hakuhukumiwa na ye yote. Kumfanya mtu mmoja alipe kwa sababu ya lugha aliyozaliwa nayo si kudai haki. Ni kuipanda mbegu ya Ntoto nyingine.

Tena hatua ya tatu haiziangushi zile mbili za kwanza. Mtu aliyekomaa angali anamcha Mungu, lakini kama mwana anayeogopa kumhuzunisha baba. Angali anaupenda ukoo wake, lakini ukuta wa ukoo umepata mlango. Na asijivune, kwa kuwa mtu aweza kushuka alikopanda. Njaa humshusha, uvumi humshusha, wimbo wa chuki humshusha kwa usiku mmoja. Ndiyo sababu dhamiri hulishwa kila siku kwa sala, kwa mafundisho, na kwa kujichungua moyo jioni. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1965, ulifundisha kwamba dhamiri ni mahali pa siri ambapo mtu yuko peke yake na Mungu. Mahali pale ukoo hauwezi kumjibia.

Kwa hiyo kila mkatekumeni, kabla ya kuukaribia ubatizo, na ajiulize mambo matatu. Ni maovu gani anayoyaacha kwa sababu tu anaogopa kuonekana? Ni maovu gani anayoyaita mema yakitendewa watu wa ng'ambo? Na je, yuko mtu mmoja wa ng'ambo ambaye amepata kulitaja jina lake katika sala?

Mama yule alivuka kijito, akasimama mbele ya uzio wa nyumba isiyo ya ukoo wake, kamba mkononi, akabisha hodi. Hakujua atapokelewaje. Wanawe wawili walikuwa wakimtazama kutoka kilimani.