Mzee, Upweke na Mchezo wa Simu

Tumeulizwa na ndugu mmoja: kijana aliye ng'ambo amempelekea mamake simu, akamfundisha kucheza ludo naye kwa intaneti, ili apunguze ukiwa. Je, amemtendea wema, au ameukimbia wajibu wake?

Wenye kudhani kuwa kila mchezo ni aibu kwa mwenye mvi wamezisahau baraza za mitaa yetu. Wazee wetu wakicheza bao na dhumna baada ya Alasiri tangu sisi hatujazaliwa, wala hapana aliyekwenda barazani kwa ajili ya kete tu. Alikwenda kukaa na watu. Asipoonekana siku mbili, wenziwe humtuma mtoto akamjulie hali. (Hatusemi juu ya michezo ya kuwekeana fedha, hiyo ni kamari, na simu haikuihalalisha.)

Mwaka 2022, katika kitongoji kimoja karibu na Chicago, Marekani, mtu aliivunja usiku nyumba ya bibi wa miaka 80 aliyekuwa akiishi peke yake, akamfungia ndani. Bibi huyo alikuwa na ada ya kumpelekea bintiye, akaaye Seattle, matokeo yake ya kila siku ya mchezo wa maneno uitwao Wordle. Siku ile hayakufika. Binti akaingiwa na shaka, askari wakaarifiwa, na mama akakutwa hai.

Twaona jawabu limo humo. Mchezo haukumwokoa bibi yule. Aliyemwokoa ni mtu aliyekuwa akiungoja. Basi mzee achezaye na mashine, au na watu asiowajua wala wasiomjua, atapitisha saa zake, na pengine atafurahi, wala hatumlaumu. Lakini asipofungua simu kesho, nani atauliza?

Kwa hiyo kijana huyo na aendelee kucheza na mamake, maadamu yeye mwenyewe ndiye achezaye, wala hakumwachia programu kazi ya kumliwaza mzazi. Wala asidhani kuwa ludo imemwondolea safari ya kuja kumwona.

Ama sisi tulio mtaa mmoja na mama huyo, ambao hupita mlangoni pake tukisema, "Alhamdulillahi, ana simu yake," hatukuulizwa neno. Na huenda yule aliye mbali ajua kuliko sisi kama jana alikula.