Kukua kwa Msanii Kijana

Kila mwaka wa shule unapokaribia mwisho, wanafunzi wengi wa sanaa huulizwa swali moja: Umekua kwa kiasi gani? Swali hili ni jepesi kwa ulimi na zito kwa moyo. Mtoto akipimwa kimo husimamishwa ukutani, akapigwa alama ya chaki juu ya utosi wake, na mwaka wa pili alama mpya huonyesha alivyopanda. Lakini mchoraji, mchongaji, mshairi na mwimbaji hawana ukuta wa kusimama. Kwa sababu hiyo wengi wao hujitafutia ukuta wa kuazima. Mmoja hutaja zawadi alizopata, wa pili hutaja idadi ya picha alizochora, na wa tatu hutaja makofi aliyopigiwa. Majibu hayo si ya uongo, lakini hayajibu swali. Zawadi hutolewa na watu, na makofi hupigwa na watu. Vitu hivyo hutuarifu habari za wale waliotoa na waliopiga kabla ya kutuarifu habari za yule aliyepewa. Basi nataka tutafute pamoja, mimi na wewe msomaji, kitu gani ndani ya msanii kikiongezeka tunaweza kusema bila ya haya kuwa amekua.

Nitaanza nyumbani. Ndau ni kisiwa kidogo upande wa kaskazini wa visiwa vya Lamu, baina ya Pate na Kiwayu. Wenyeji wake ni Wabajuni, na lugha yao ni Kitikuu, ndugu wa lahaja nyingine za pwani yetu. Bahari ndiyo shamba lao, na mikoko ndiyo msitu wao. Mtoto wa huko haanzi kujua sanaa katika jumba la picha. Huianza ufukoni, mahali ambapo fundi hupiga tezo juu ya taruma la dau. Huianza uani, mahali ambapo bibi husuka ukili na kuushona kuwa mkeka. Huianza barazani, mahali ambapo wazee husoma tenzi. Hapana mtu anayemwambia kuwa vitu hivi ni sanaa. Huambiwa kuwa ni kazi. Wala hapana kosa katika maneno hayo, maana neno sanaa lenyewe lilitoka katika Kiarabu, na huko lilikuwa na maana ya kazi ya ufundi. Mababu zetu hawakumtenga msanii na fundi. Chombo kilitakiwa kipendeze macho, na kilitakiwa pia kisimzamishe mwenyewe.

Nilipokuwa mwanafunzi wa kidato cha pili katika shule moja ya bara, mbali na bahari, nilichora picha ya jahazi. Wenzangu wengi walikuwa hawajaona jahazi, na mimi, mtoto wa kisiwani, nilihesabiwa kuwa mjuzi wake. Picha ilisifiwa sana. Ilitundikwa ukumbini, ikapewa nafasi ya kwanza, nami nikapewa sanduku la rangi. Nafasi ya pili alipewa msichana mmoja aliyechora mikono ya mama yake ikichambua maharagwe. Mikono ile ilikuwa mizito, na vidole vingine havikukaa sawa. Nakumbuka kuwa niliitazama picha yake kwa huruma ya mtu aliyeshinda.

Likizo ilipofika niliichukua picha yangu nikaenda nayo Ndau. Niliwaonyesha watu wa nyumbani, wakafurahi. Mwisho nilimpelekea babu yangu, aliyekuwa fundi wa vyombo tangu ujana wake. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa Kitikuu chake, maneno ambayo hapa nayaandika kwa Kiswahili cha vitabu: "Mjukuu wangu, tanga lako limejaa upande huu, na bendera yako yapepea upande ule. Siku hiyo pepo zilikuwa ngapi?"

Sikuwa na jawabu. Ukweli ni kuwa tanga nililitoa katika kalenda moja, na bendera niliitoa katika kitabu kingine. Nilivipachika pamoja, nikatia rangi juu yake, nikaandika jina langu chini. Nilizaliwa hatua chache kutoka maji ya bahari. Nilipanda madau kabla ya kujua kusoma. Nikaja nikachora jahazi bila ya kuuliza upepo watoka wapi. Macho yangu yaliona vyombo elfu, lakini mimi sikutazama hata kimoja.

Babu hakuipasua picha, wala hakunicheka. Kesho yake alinichukua ufukoni, akanipa pamba na mafuta, akanionyesha namna ya kutia kalafati katika nafasi ya mbao mbili ili maji yasipenye. Nilifanya kazi hiyo siku tatu. Kila mara aliponiona nimemaliza kwa haraka alichokoa pamba yangu kwa ncha ya patasi, akasema neno moja tu: "Rudia." Siku ya nne niliinua uso kwa uchovu, nikaona dau likipita mlangoni mwa bahari. Tanga lilijaa, na kitambaa kilichofungwa juu ya mlingoti kilielekea kule kule lilikoelekea tanga. Nadhani siku hiyo ndiyo siku ya kwanza niliyoona upepo.

Sasa nifike penye aibu yangu. Niliporudi shuleni ilinibidi kuchagua. Ningeweza kumwendea mwalimu wangu na kumwambia kuwa picha ile haikuwa yangu yote, na kuwa ndani yake mlikuwa na kosa. Sikwenda. Nilijiambia kuwa hapana mtu atakayejua, na katika jambo hilo nilisema kweli: hapana aliyejua. Sanduku la rangi lilibaki kwangu. Lakini kila nilipopita ukumbini niliiona bendera ile ikipepea kinyume, na nikamwona msichana wa nafasi ya pili akipita chini yake. Mikono aliyoichora haikuwa mizuri, lakini aliitazama mwenyewe, jioni baada ya jioni, mpaka akaweza kuiweka juu ya karatasi. Makosa yake yalikuwa makosa ya mtu aliye njiani. Uzuri wangu ulikuwa uzuri wa mtu asiyetoka nyumbani.

Kijana mwenye akili atanipinga hapa. Atasema: Je, kuiga ni haramu? Mbona fundi humwiga fundi? Swali lake ni la haki. Hapana msanii aliyeanza bila ya kuiga. Mwanagenzi hukaa miaka chini ya mkono wa mwalimu wake, akichonga nakshi ile ile ya mlango, mpaka mkono wake uwe kama mkono wa mwalimu. Lakini mwanagenzi huiga hadharani. Kila mtu ajua ni nani aliyemfundisha, na yeye mwenyewe hutaja jina hilo kwa fahari. Aigaye kwa siri hufanya jambo jingine. Huyo hachukui elimu ya mwenziwe. Huchukua sifa yake tu, na elimu huiacha pale pale ilipokuwa. Kwa hiyo hasara ya kwanza ya wizi wa sanaa humfika mwizi. Mwenye kazi bado anayo kazi yake na ujuzi wake. Mwizi ana karatasi.

Kijana huyo atanipinga mara ya pili. Atasema: Msanii si mtumwa wa mambo yalivyo. Akitaka bendera ipepee kinyume cha tanga, nani wa kumzuia? Nami nakubali. Zamani palikuwa na chombo katika pwani hii kilichoitwa mtepe. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi, na tanga lake lilikuwa la ukili uliosukwa. Huko omo palichorwa alama mfano wa macho. Mafundi wale walijua vema kuliko sisi kuwa ubao hauoni. Walichora macho kwa makusudi, kwa sababu mtu aendaye gizani juu ya maji hutamani chombo chake kimwonee njia. Huo ndio uhuru wa msanii: kujua jambo lilivyo, kisha kulipindua ili useme neno ambalo lisingesemeka kwa njia nyingine. Ama mimi, nilipindua upepo bila ya kujua kuwa upo. Mtu wa namna hiyo hana uhuru. Ana bahati ya kutoulizwa.

Tazama mfano wa pili, ulio karibu na wa wakati wetu. Katika mwaka 1997 watoto wa sehemu za Kiwayu walionekana wakiunda vitu vya kuchezea kwa kandambili kuukuu zilizoletwa na mawimbi. Bahari ilizitupa ufukoni kwa wingi, watu wakaziona kuwa taka. Watoto waliona ndani yake kitu kingine. Hawakuwa na mashindano wala zawadi, walitaka mchezo. Mhifadhi mmoja wa bahari, Julie Church, aliyefanya kazi huko, aliuona ubunifu ule, na wanawake wa vijiji wakatiwa moyo kuziokota kandambili, kuziosha na kuzifanya vitu vya kuuza. Kazi hiyo ilikua mpaka ikawa karakana ya Nairobi, iitwayo Ocean Sole, ambamo wachongaji hufanya twiga, tembo na kasa wa rangi nyingi kwa raba hizo. Mwanzo wa mambo hayo yote ulikuwa jicho la mtoto.

Lakini jicho pekee halitoshi. Katika mwaka 2018 palishushwa majini huko Lamu dau liitwalo Flipflopi, lenye urefu wa mita 9 hivi, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, na ubavu wake ukavikwa vipande vya kandambili zipatazo 30,000. Mapema mwaka 2019 lilisafiri kilomita 500 hivi mpaka Unguja. Fundi wake mkuu alikuwa Ali Skanda wa Lamu. Ulimwengu ulistaajabia upya wa dau lile. Mimi nastaajabia ukale wake. Mkuku, mataruma na mbao vilikaa mahali vilipokaa siku zote. Mtu asiyejua dau la mti asingeweza kuunda dau la plastiki. Kila alipofika mahali ambapo plastiki ilikataa kutii kama mti, fundi alipaswa kujua mti ungefanya nini ili atambue tofauti. Wazo jipya lilisimama juu ya mabega ya mazoea ya kale. Vijana wanaodhani kuwa kujifunza kutawaharibia ubunifu wao na walitafakari dau hilo.

Liko jambo la tatu, nalo ni kubwa kupita jicho na mkono. Katika mwaka 1858, katika kisiwa cha Pate, jirani ya Ndau, Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha. Alikuwa mgonjwa, na miaka michache baadaye alifariki. Hakuandika ili ashinde mtu. Msomaji aliyekuwa mbele ya macho yake alikuwa mmoja, mtoto aliyemwacha duniani. Miaka zaidi ya 160 imepita, na utenzi ule bado husomwa. Huenda msomaji wa leo asikubaliane na kila shauri lililomo, lakini hawezi kudhani kuwa mama yule alikuwa anatafuta jina. Msanii mchanga huuliza: Watu wataniona je? Msanii aliyekua huuliza: Nina kitu gani cha kumpa mtu huyu? Safari iliyo baina ya maswali hayo mawili ndiyo safari ninayoita kukua.

Nisidhaniwe kuwa nachukia sifa. Mche usiotiwa maji hufa, na kijana asiyesifiwa kabisa huvunjika moyo. Wako wazee ambao hudhani kuwa kufundisha ni kudharau. Hao huua vipaji vingi kuliko uvivu. Babu yangu alinisahihisha, lakini baada ya kunisahihisha alinipa mahali pa kukaa kando yake na kazi ya kufanya. Masahihisho yasiyofuatwa na msaada ni tusi. Sifa isiyofuatwa na ukweli ni sumu tamu.

Basi, ewe mwanafunzi, utakapoulizwa mwisho wa mwaka umekua kwa kiasi gani, usianze kwa zawadi zako. Jiulize kwanza: Mwaka huu nimetazama kitu gani mpaka nikakijua? Nani alinisahihisha, nami nilimpokea je? Kazi gani nilirudia wakati ambapo hapana mtu aliyekuwa akinitazama? Jina la nani lilistahili kutajwa kando ya langu, nami nikalitaja au nikalificha? Maswali haya hayana makofi, lakini alama zake hazifutiki kama chaki.

Ama mimi, sanduku lile la rangi lilikauka kabla sijalimaliza. Msichana wa nafasi ya pili sikumwambia neno, na nafasi ya kumwambia ilipita. Picha ya jahazi ninayo hata leo. Nimekuwa mwalimu, na siku ya kwanza ya kila mwaka huitundika mbele ya darasa, nikawataka wanafunzi waseme ina kosa gani. Miaka mingine huchukua saa nzima. Miaka mingine mtoto mmoja wa nyuma huinua mkono mara moja, akauliza siku hiyo pepo zilikuwa ngapi. Hapo humweleza kila mtu nani aliyeichora, na namna alivyoichora.