Je, Kujua Jibu Ndiko Kufahamu?

Jirani zetu Warundi na Wanyarwanda wana mchezo wa igisoro, wenye mashimo 32 na kete 64. Mtu akishinda, twaweza kumwuliza: "Uliona nini?" Swali hilo ndilo tutakalo kuliuliza leo juu ya mashine.

Uko mchezo mwingine, sataranji, wenye miraba 64. Mwaka 1997, mjini New York, mashine iitwayo Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia, Garry Kasparov. Tangu hapo wengi husema kwamba mashine inafahamu kuliko mtu. Je, ni kweli?

Wataalamu huzipima mashine kwa mafumbo yaliyotungwa. Fumbo moja lilitolewa katika gazeti la Glasgow mwaka 1895: weupe wana mfalme na askari mmoja, weusi wana mfalme na ngome. Ilisemwa kwamba hakuna mshindi. Lakini padri mmoja Mhispania, Fernando Saavedra, aliona zaidi. Askari akifika mwisho wa ubao, desturi ni kumfanya malkia, mwenye nguvu kupita wote. Hapa malkia huharibu: mweusi humtolea ngome yake iliwe, na mfalme wake akikosa pa kwenda pasipo kushambuliwa, mchezo huwa sare. Padri akasema: Afanywe ngome, iliyo ndogo kuliko malkia. Na weupe hushinda!

Leo mashine hulitoa jibu hilo mara moja. Hata mafumbo kadhaa ya mabingwa wa kale, mashine zimeyaonyesha kosa. Basi tusizidharau.

Lakini mwaka 2017 mtaalamu Mwingereza, Roger Penrose, alitoa fumbo jingine. Weusi wana malkia, ngome mbili na maaskofu watatu. Weupe wana mfalme na askari wanne tu. Mashine ilihesabu kwamba weusi wanashinda. Mtu atazamaye kwa utulivu huona kwamba malkia na ngome zimefungiwa, na maaskofu wote hutembea miraba myeusi. Mfalme mweupe akitembea miraba myeupe, nani atamgusa? Kuhesabu ni kupita njia nyingi. Kufahamu ni kuona kwa nini.

Mwingine atatujibu: "Jibu likiwa sawa, sababu ni ya nini?" Katika mchezo, labda haidhuru, maana ubao wenyewe ni mwamuzi. Lakini siku hizi wako watu wanaoiuliza mashine hata juu ya magomvi na magonjwa. Hapo hakuna ubao. Tuseme ndugu wawili wa Makobola wanagombea shamba, na mzee anakata neno bila kutoa sababu. Akiwa amekosa, nani atamsahihisha, naye hakuonyesha njia aliyopita? Na hata akiwa amesema kweli, aliyeshindwa hurudi nyumbani na uchungu, maana hakuelewa. Saavedra aliweza kusahihisha kwa sababu alionyesha hatua zake, na kila mtu aliweza kuzifuata ubaoni.

Basi tuitumie mashine kama mizani ya sokoni. Mizani hutuambia uzito wa samaki, wala haijui kama bei ni ya haki. Hilo ni juu yetu sisi kulipima, na kumweleza jirani sababu.