Tumlaumu Nani Gari Likizima?

Naandika haya kwa sababu nilimsingizia mtu. Na kwa kuwa nilimsingizia hadharani, naona si haki niishie kumwomba radhi pembeni.

Marehemu baba aliniachia pikap ya Datsun 1200, gari la miaka ya sabini lililobeba mpunga wa Bonde la Kilombero kabla mimi sijazaliwa. Ni gari la kabureta. Halina kompyuta, halina taa ya kukuambia kilichoharibika. Likiumwa, wa kufikiri ni wewe.

Masika iliyopita nilitoka nalo Ifakara kuelekea Mlimba, kufuatilia habari ya bei ya mpunga. Nilipopita Mbingu nikasimama kwenye meza ya kijana mmoja anayeuza petroli kwenye chupa za maji. Nikanunua lita tano. Mvua ilikuwa inanyesha, na kwa kuwa siku zile maji yalikuwa yanapenya kwenye kifuniko cha tangi, nikakifunika kwa kipande cha nailoni na kukikaza kwa mpira wa tyubu. Nikajiona mtu mwangalifu sana. Nikaondoka.

Haikupita robo saa, gari likaanza kukohoa, likapoteza nguvu, likazima. Nikapiga stata, wapi. Nikakaa dakika kumi nikiitazama mvua. Nikajaribu tena, likawaka kama vile hakuna kilichotokea. Mbele kidogo likazima tena. Nilifika Mngeta jioni, na hukumu nilikuwa nimeshaipitisha: yule dogo kachakachua.

Pale kijiwe cha bodaboda nikasema bila kupunguza. Wenzangu mnajua, mwandishi wa habari akisema kitu, watu wanakipokea kama kimeshachunguzwa. Mmoja akasema, "Ndiyo maana juzi pikipiki yangu ilikuwa inakosa nguvu." Mwingine akakumbuka plagi yake iliyokufa. Kila mtu akapata mahali pa kuutua ubovu wa chombo chake.

Sikulitoa hewani neno lile. Wenye kumbukumbu watakumbuka lilivyoshika nchi mwaka 2010, mafuta ya taa yalipokuwa yanachanganywa kwenye petroli na dizeli. EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta. Uchaguzi ulipofika mwaka uleule, watu wakalihamishia kwenye kura, na tangu hapo tumechakachua kila kitu, kuanzia vyeti hadi mapenzi. Kwenye bajeti ya 2011/12 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa, bei ikaribie ile ya dizeli na mchanganyaji akose faida. Hoja ilikuwa na mantiki yake. Ila mama wa kijijini mwenye koroboi, ambaye hajawahi kumiliki hata pikipiki, naye akalipa.

Kwa hiyo shaka yangu ilikuwa na msingi. Uchakachuaji upo. Swali linalonisumbua ni hili: mtu akiwa na shaka yenye msingi, akatuhumu kwa dhati ya moyo, halafu ikaonekana amekosea, je, ametenda kosa au amekosea tu?

Nilirudi Ifakara kesho yake, kuzima na kuwaka njia nzima. Nikamwaga petroli yote, nikajaza mpya kituoni mjini. Gari likazima vilevile. Nikajiambia ni masalia ya ile mbovu. Angalieni akili inavyofanya kazi: ushahidi uliopaswa kumtoa kijana hatiani nikaugeuza kuwa ushahidi wa ubaya wake.

Ndipo nikaenda kwa fundi mmoja pale Kibaoni, mzee aliyezijua Datsun tangu zikiwa mpya. Nikaanza kumweleza habari ya petroli mbovu. Akanikatisha, "Mwanangu, wewe niambie gari inafanya nini. Ya kwa nini niachie mimi."

Nikamwambia: inakwenda robo saa, inazima, ikipumzika inawaka.

Akaliacha gari liungurume hadi likazima, kisha akainama kwenye kabureta. Kabureta ya gari hili ina kioo kidogo ubavuni, unaona petroli imefika wapi ndani ya chumba chake. Ilikuwa imeshuka karibu kuisha. "Kabureta haina kosa," akasema. "Haiwezi kutoa kisichofika." Akachomoa mpira unaotoka kwenye pampu, akauingiza kwenye chupa mbali na waya za moto, akaniambia nipige stata. Petroli ikatoka kwa kudondoka badala ya kuruka. Akatazama chujio, safi. Akarudi nyuma hatua kwa hatua, akilifuata bomba kuelekea kule mafuta yanakoanzia, mpaka akafika kwenye kifuniko cha tangi. Akatoa ule mpira wangu wa tyubu, akatoa nailoni, akafungua.

Fyuuu. Tangi likavuta hewa kama mtu aliyeibuka majini.

Kifuniko kile kina kitundu kidogo cha kupitisha hewa. Pampu ikivuta petroli, lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Nilikuwa nimekiziba. Kadiri gari lilivyokwenda, ndivyo tangi lilivyozidi kuikataa pampu, hadi kabureta ikakauka. Nikisimama, hewa ilikuwa inapenya taratibu, ndiyo maana likawa linawaka. Nilizibia pale mezani kwa kijana, dakika ileile niliyonunua petroli yake. Kweli tatizo lilianza baada ya kununua kwake, lakini halikuanza kwa sababu ya kununua kwake.

Na ile fyuuu haikuwa ngeni. Niliisikia nilipokuwa najaza mafuta kituoni. Nikadhani ni joto, nikafunga nailoni yangu upya.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, nasi tumezoea kulitumia neno hilo kwa rafiki msaliti au ndugu mwenye husuda. Nguoni kabisa, hata hivyo, tumo sisi wenyewe.

Mmarekani Robert Pirsig, kwenye kitabu chake cha mwaka 1974, Zen and the Art of Motorcycle Maintenance, anasimulia pikipiki yake ilivyozima kwenye mvua kubwa na safari ikaharibika. Aliamini ni mvua. Baadaye akagundua petroli ya kawaida iliisha, na kilichosikika kikicheza tangini kilikuwa ile ya akiba, ambayo hakuifungulia. Nilipokisoma chuoni nilimcheka. Ila tofauti yetu ni kubwa: yeye aliisingizia mvua, na mvua haina wateja wa kupoteza.

Sasa nirudi kwenye swali. Wapo watakaosema sikukusudia, basi yaishe. Mimi siridhiki. Kukosea si kosa. Hata fundi hukosea. Kosa langu lilikuwa kuruka hatua ambazo zisingenigharimu chochote. Petroli iliyochanganywa haiwi njema kwa kupumzika dakika kumi. Jambo hilo nililiona kwa macho yangu, mara sita au saba, njiani. Ningeweza pia kuwauliza bodaboda walionunua kwake asubuhi ile kama wamepata shida. Ningeweza kufungua kifuniko changu mwenyewe. Badala yake nilianza na mtu wa mbali, maskini, asiyekuwepo kujitetea. Huyo ndiye mtuhumiwa rahisi kuliko wote.

Mtu anaweza kunipinga kwamba maisha hayaturuhusu kuchunguza kila kitu, na anayesubiri uhakika ataibiwa kila siku. Ni kweli. Ningekuwa na haki ya kutonunua tena kwake. Shaka inatosha kukulinda wewe. Haitoshi kumhukumu mwenzako mbele za watu. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba yetu inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Hayo ni ya mahakamani. Kijiweni hakuna ibara, ipo dhamira tu, na yangu siku ile ilikuwa imelala.

Nilirudi kumtafuta. Meza haikuwepo. Mama muuza vitumbua wa jirani akaniambia wateja walipungua, kijana kaenda kufanya kibarua cha palizi. Nikamkuta shambani, magoti yote matope. Nikamweleza yote, hadi nailoni. Alinisikiliza bila kukasirika, jambo lililoniumiza zaidi.

"Kaka, maneno yalinifikia siku ileile," akasema. "Nikasema huyu ni mwandishi, lazima atarudi kuniuliza. Nikawa nakusubiri."

Nikaenda Mngeta, kijiwe kilekile, nikasema nilikosea. Wakanisikiliza kwa adabu. Kisha mmoja akacheka, "Sawa braza, lakini wale si wote wanachakachua tu?"

Gari sasa linakwenda vizuri. Fundi alinitoza hela ya soda. Kila nikipita barabara ile napunguza mwendo pale ilipokuwa meza, na hadi leo sijaiona.