Kijiti, kichaka na uso wa Musa

Mkulima wa Chapwa, mjini Tunduma, hahitaji kamusi ili ajue kichaka. Ni pale mimea na matawi yanaposongamana tangu chini, jicho likashindwa kupenya. Msitu unampita mtu kichwani, pori ni nchi nzima. Kichaka unaweza kukizunguka kwa hatua chache na bado usijue kilichomo.

Kwa sababu hiyo neno limehamia hadi kwenye hotuba za viongozi. Husikika mara kwa mara kwamba sheria fulani isigeuzwe kichaka cha kufichia wizi. Kichaka ni maficho.

Sasa, Mungu alitafuta nini humo alipomwita Musa? Katika Kutoka 3, Biblia ya Union ya mwaka 1952 inamwonyesha Musa kijiti kinachowaka bila kuteketea. Biblia ya Habari Njema inasema ni kichaka. Kiebrania ni “seneh”, neno adimu linalorudi tena katika Kumbukumbu la Torati 33. Kijiti kina uzuri wake: kinaonyesha udogo, mti uliopunguzwa. Lakini leo kijiti ni kile wanachopokezana wanariadha, au ukuni mwembamba, na ukuni kuwaka si ajabu. Tena Union yenyewe inalijua neno kichaka: ndimo alimonaswa pembe kondoo wa Ibrahimu, Mwanzo 22. Kwa msomaji wa leo, kichaka kina nguvu zaidi.

Nguvu hiyo huonekana kwa anayeishi na moto wa mashamba. Ng'ambo ya mpaka, kaskazini mwa Zambia, Wabemba wana kilimo cha chitemene: hukata matawi, huyarundika, huyachoma, kisha hupanda ulezi kwenye majivu. Moto huo una faida kwa kuwa unateketeza. Moto wa Musa ulishika kila jani na kuliacha lilivyo.



Na huyo Musa alikuwa mtoro. Alikwishamuua Mmisri, akaufukia mwili mchangani, akakimbilia Midiani kuchunga mifugo ya mkwewe. Mtu wa namna hiyo angetazamiwa kuingia kichakani ajifiche. Kichaka kikamwita kwa jina, mara mbili, naye akaitika. Na aliyejificha siku ile, kwa kufunika uso wake, ni Musa.